Seva chini ya kitanda, vifaranga pembeni

Mama hakuwahi kuiita seva. Kwake ilikuwa "friji lako", kwa sababu ilinguruma usiku kucha, ilikula umeme na haikugandisha kitu. Asubuhi akipita dirishani kwangu kwenda bandani ananiuliza, "Friji limeamkaje?" Namwamkia, anaitikia, kisha anacheka peke yake mpaka kwa kuku wake.

Ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtumba, zile zinazotolewa maofisini kwa jumla, RAM ya GB 8, hadidiski ya zamani inayokwaruza kama panya darini. Niliiweka chini ya kitanda, chumbani kwangu Ilomba, Mbeya, Machi 2023, ili mimi na wenzangu sita tucheze Minecraft kwenye dunia yetu wenyewe. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili.

Hao sita tulisoma nao sekondari. Baadaye kila mmoja akashika njia yake: mmoja Uyole, mmoja Tukuyu, mmoja Makambako kwenye duka la vipuri vya pikipiki, wawili Iringa chuoni, mmoja Dar es Salaam. Grupu letu la WhatsApp lilikuwa limebaki la heri ya kuzaliwa na michango ya harusi. Gemu lilikuwa kisingizio tu cha kukaa tena pamoja, na nasema hivi mapema ili msomaji asifikiri tulikuwa mabingwa. Wawili kati yetu mpaka leo wanakufa kwa kuanguka mtoni.

Kwa asiyelijua gemu hili: ni dunia ya matofali. Unachimba, unajenga, unalima, usiku yanakuja mazimwi. Lilitoka rasmi mwaka 2011, waliolitengeneza ni watu wa Uswidi. Mkitaka kucheza wengi, dunia yenu lazima ikae kwenye kompyuta moja isiyolala, na programu ya kuendesha hiyo seva inatolewa bure. Zipo seva za kukodi, lakini tulizojaribu zilikuwa Ulaya. Kutoka Mbeya unampiga zombi, pigo linakwenda mpaka ng'ambo na kurudi, na likirudi wewe umeshaliwa. Halafu zinalipiwa kwa dola kila mwezi. Mwezi ukipita hujalipa, dunia inafutwa. Tulishavunjiwa nyumba namna hiyo mara moja, na kuvunjiwa nyumba ya matofali ya kwenye kioo kunauma kuliko unavyoweza kumweleza mtu mzima.

Wiki mbili za kwanza zilikwenda bure. Nilifuata maelekezo yote: seva ikawaka, nikakubali masharti kwenye faili lake, nikaingia kwenye ruta na kufungua poti 25565, ambayo ndiyo mlango wa kawaida wa Minecraft. Mimi mwenyewe niliingia vizuri kabisa kwa Wi-Fi ya nyumbani. Wenzangu, hakuna hata mmoja. Wa Uyole alinipigia karibu kila jioni: "Kaka, umefungua kweli?" Nimefungua. "Mbona mimi naona ukuta?" Nikafuta seva, nikaweka upya. Nikabadilisha Java, programu ambayo seva inaitegemea. Nikamlaumu wa Uyole kwa simu yake, naye akanilaumu mimi kwa kichwa changu.

Tatizo halikuwa kwake wala kwangu. Tulikuwa tunatumia ruta ya laini ya simu, na siku moja nikalinganisha namba mbili ambazo ningezilinganisha siku ya kwanza tungelala mapema: anwani ya IP ambayo ruta inadhani ni yake, na ile ambayo tovuti za nje zinaiona. Hazikufanana. Ya ruta ilianza na 100. Kuna fungu la anwani, kuanzia 100.64 mpaka 100.127, lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za mawasiliano ambazo anwani za kawaida haziwatoshi wateja wao. Maana yake mnakuwa kama wapangaji wa nyumba moja yenye vyumba arobaini na geti moja. Wewe kutoka unatoka. Lakini mgeni akifika getini na kuuliza chumba chako, mlinzi hajui hata kama upo. Mimi nilikuwa nimefungua mlango wa chumba, nikaweka na mkeka, huku geti la nje si langu.

Kwa hiyo kama unasoma hapa na umekwama: kabla hujagusa kingine chochote, angalia namba hizo mbili.

Tulipita kwa njia ya uani. Kila mmoja aliweka Tailscale, programu inayounganisha kompyuta zenu kana kwamba ziko kwenye ruta moja, bila kuhitaji geti. Wa Tukuyu alikuwa na simu tu, na Minecraft ya simu ni toleo jingine lisilozungumza lugha moja na la kompyuta, linatumia hata poti nyingine, 19132. Kuna programu ya ukalimani inayoitwa Geyser. Nikaiweka, ikakubali. Usiku wa kwanza tulipoingia wote saba hatukujenga kitu. Tulisimama juu ya kilima tukapigana ngumi za kirafiki, na wa Iringa mmoja akachimba shimo tukatumbukia wote. Nilicheka mpaka mama akagonga ukuta.

Halafu mama akaanza kuhesabu LUKU.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye lile kundi la watumiaji wadogo. Kwa shilingi elfu tisa na kidogo unapata uniti 75, zinakutosha mwezi mzima kama huna jiko la umeme. Ukizidi hapo, unahamia kwa wakubwa: uniti moja inakwenda kwenye shilingi 356 hivi, na elfu 10 inakuletea uniti 28. Sisi kwa mwezi tulitumia kama 50. Taa, televisheni, pasi siku ya Jumamosi. Sasa piga hesabu ambayo mimi sikuipiga: kompyuta yangu ilivuta kama wati 80, saa 24, ni karibu uniti 2 kwa siku. Kwa mwezi ni 57 na ushee. Nyumba ndani ya nyumba!

Mama hakupiga kelele. Aliniita sebuleni, akaniwekea mbele risiti za miezi mitatu alizoziandika nyuma ya kalenda ya kanisani, akasema, "Mwanangu, hapa kuna mtu mwingine anaishi na sisi. Nioneshe anakolala." Nikamwonesha chini ya kitanda. Akainama, akalitazama friji, akaweka kiganja nyuma yake pale hewa ya moto inapotokea. Akakaa hivyo muda. Nilijua anatafuta maneno ya kunifukuzia. Kumbe alikuwa anawaza jambo lingine.

Ilikuwa Juni. Mbeya mjini tuko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asiyelala hapa mwezi wa sita hajui baridi inavyopenya chini ya mlango. Kila mwaka msimu huo mama alipoteza vifaranga. Alikuwa akiwawekea jiko la mkaa usiku, naye anaamka mara tatu kuliangalia, kwa sababu mkaa ukizidi unaua na ukizima wanaganda. Jioni ile nilirudi kutoka Mwanjelwa nikakuta boksi la katoni limesukumwa chini ya kitanda, limeegeshwa kwenye mgongo wa seva, ndani yake vifaranga ishirini na mbili wamejipanga kwenye hewa ya moto kama abiria wa daladala. "Nalipia umeme," mama akasema, "na wao wapande."

Hakufa hata mmoja wiki ile. Mimi nilikuwa nalala juu ya kelele mbili, ngurumo na pii-pii, na harufu sitaisema.

Mambo ya kuku yana mkosi wa kuja pamoja. Wiki hiyohiyo seva ikaanza kukwama. Unavunja tofali, linavunjika, linarudi. Unafungua mlango, unapita, unajikuta bado uko nje. Seva ya Minecraft inapiga hatua 20 kila sekunde, yaani ina milisekunde 50 za kumaliza kazi zote za hatua moja: kila mnyama aende wapi, kila mmea ukue au usikue. Ikishindwa kumaliza, dunia nzima inatembea kwa kujivuta. Nilishuku vifaranga wa mama. Nilishuku intaneti. Nikaongeza kumbukumbu (RAM) ya seva kutoka GB 3 hadi 5, haikusaidia, na nimeona wengi wakikimbilia hapo. Kumbukumbu haikuwa imejaa. Prosesa, inayopiga hesabu zote, ndiyo ilikuwa inahema.

Nikawahesabu viumbe waliomo. Kuku 914.

Walikuwa wa yule wa Uyole. Alikuwa amejenga banda lenye mtambo wa kurusha mayai, na katika gemu yai moja kati ya manane hutoa kifaranga. Kosa, hata hivyo, lilikuwa langu. Gemu lina sheria yake inayozuia msongamano: wakizidi 24 sehemu moja, wanaanza kufa kwa kubanana. Yeye alikuwa amenilalamikia, "Kuku wangu wanakufa bila ugonjwa," nami kwa huruma nikaizima sheria bila kuuliza iliwekwa kwa nini. Nilipomweleza mama kwa nini kompyuta inasumbua, akaacha kuchambua maharage.

"Ana kuku mia tisa?"

"Mia tisa na kumi na nne."

"Wanataga?"

"Wanataga, mama."

"Mayai yako wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo hilo swali naliheshimu.

Tulikubaliana kwenye grupu: kuku mwisho hamsini kwa kila mtu. Wa Uyole alichinja usiku kucha huku akitulaani. Nikapunguza pia umbali ambao seva inaonesha, kutoka vipande 10 hadi 6, na ukungu ukasogea karibu. Kwa watu wa Mbeya ukungu si kero. Siku nne baadaye seva ikazima yenyewe katikati ya usiku, ikawaka, ikazima. Nilipofungua kifuniko, feni ilikuwa imevaa koti la vumbi la manyoya ya vifaranga, haizunguki. Nikasafisha kwa mswaki. Boksi likasogezwa hatua moja mbali na kuwekewa chandarua kipande. Mama na mimi tukawa na mkataba.

Mwezi Septemba mwaka huo mgao wa umeme ukaanza. Hapa ndipo ninapotamani ningeandika kwa haraka nipite.

Seva inaandika dunia kwenye diski kila baada ya dakika chache. Umeme ukikatika kabla haijaandika, unapoteza dakika hizo, si kitu. Umeme ukikatika wakati inaandika, ni jambo lingine. Dunia imehifadhiwa katika mafaili, na faili moja linashika eneo la matofali 512 kwa 512, kijiji kizima. Nilikuwa na UPS ya mtumba, kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, ambayo betri yake ilidumu dakika nne ikiwa na hali nzuri. Siku moja ya Oktoba hali haikuwa nzuri. Umeme ulipokwenda, UPS ilitoa mlio mmoja ikafa nao.

Ulipowashwa saa mbili za usiku nikaingia kukagua. Kila kitu kipo. Bandari ipo, reli ipo. Nikatembea kwenda upande wa yule wa Makambako. Nikakuta pori. Gemu likishindwa kusoma kipande cha dunia, halisemi. Linatengeneza kipya palepale kama hapajawahi kufika mtu. Miti, nyasi, kondoo wawili.

Pale ilikuwepo nyumba ya bibi yake. Alikuwa ameijenga miezi minne, kwa kumbukumbu, kwa sababu ile ya kweli kule kijijini karibu na Ilembula ilivunjwa baada ya msiba na kiwanja kikauzwa. Alikuwa ameweka jiko la nje, na moshi. Alikuwa ameweka kigoda mlangoni, na alituambia hakuna anayeruhusiwa kukikalia, wote tukawa tunapita kwa pembeni. Mimi nilikuwa nayo hiyo nyumba, chini ya kitanda changu, kwa miezi minne, na sikuwa na nakala yake hata moja.

Nilimpigia. Sikuandika kwenye grupu. Akasikiliza, akasema, "Basi, kaka, ni gemu," akakata. Hakuingia tena kwa zaidi ya mwezi.

Yale niliyofanya baada ya hapo ningeweza kuyafanya siku ya kwanza kwa nusu saa. Niliandika programu fupi ya kunakili dunia kila siku saa tisa usiku kwenye diski nyingine, na kila Jumapili flashi moja ilikwenda Uyole kulala huko. Nikajifunza, kwa kujaribu kurudisha nakala na kukuta imeharibika, kwamba huwezi kunakili dunia huku seva inaiandika. Lazima kwanza uiamuru iache kuandika, imwage iliyonayo, ndipo unakili, kisha uiruhusu tena. Na nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha usiitegemee, ni sawa na mwavuli ulioukunja tangu dukani.

Dawa ya umeme yenyewe nilipewa na fundi mmoja Mwanjelwa, bila yeye kujua. Nilikwenda kutafuta betri ya UPS, bei ikanishinda. Pembeni alikuwa na laptopu yenye kioo kilichopasuka, mwenyewe ameitelekeza. Nikauliza betri yake inakaa muda gani. "Saa mbili na nusu," akasema, "ila utaitazamia nini?" Mimi sikutaka kuitazama. Nilichukua na SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, tukapatana bei, nikapanda bajaji nimeikumbatia.

Huu ndio ushauri wangu wa pekee ninaoutoa bila kuombwa. Laptopu mbovu kioo ni seva na UPS kwa pamoja. Ilivuta wati 15 mpaka 18, ikawa na nguvu zaidi kidogo kuliko ile ya mezani kwa sababu ya SSD na prosesa mpya zaidi, na kwa mwezi ikala uniti 11 mpaka 13. Tukarudi chini ya 75. Umeme ukikatika seva haijui. Ruta niliinunulia kibetri chake kidogo. Januari 2024 umeme ulikatika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na hatukupoteza tofali.

Yule wa Makambako alirudi mwezi huo. Hakusema kitu. Tulimkuta tu asubuhi ameshapiga msingi palepale, na kesho yake wote sita tulikuwa tunambebea mawe.

Kufikia Machi tulivutiwa intaneti ya waya mtaani, na kwa ada ya ziada nikapata anwani ya IP yangu kamili. Geti langu mwenyewe! Nikaondoa Tailscale, nikafungua 25565 kwa dunia. Sikujua kuna mashine zinazunguka intaneti nzima zikigonga poti hiyo nyumba kwa nyumba. Seva ikigongwa, hujibu kwa adabu: naitwa fulani, toleo langu ni hili, na waliomo ndani sasa hivi ni hawa, kwa majina.

Kulikuwa na kosa la pili. Wawili wetu hawakuwa wamenunua gemu. Ili waingie, nilikuwa nimezima ule ukaguzi ambao seva inauliza kwa wenye gemu kama huyu mtu ndiye kweli anayesema ndiye. Ukiuzima, mtu anaingia kwa jina lolote atakalojiandikia. Ndani ya Tailscale haikuwa na neno, tulijuana. Nje ya Tailscale ilikuwa ni kuacha ufunguo mlangoni na jina la mwenye nyumba limeandikwa juu yake.

Jumapili hiyo nilikuwa Kyela msibani. Simu ikaita, wa Makambako.

"Kaka, mbona unamwaga moto?"

"Moto gani?"

"Uko juu ya nyumba ya bibi, unamwaga lava. Tunakuandikia hujibu."

"Mimi niko Kyela. Niko kwenye maturubai."

Kimya. Halafu akasema, polepole, "Sasa huyu ni nani?"

Jina langu ndilo lililokuwa na mamlaka yote ya seva, kwa hiyo huyo mgeni naye alikuwa nayo yote. Nikampigia mdogo wangu nyumbani. Nikamwambia achomoe waya wa ile laptopu. Akachomoa. "Kaka, bado inawaka." Bila shaka inawaka, nilijisifia mwenyewe kwamba ina betri. Nikamwambia achomoe ruta. "Bado inawaka." Nayo ina betri. Wazee msibani walianza kunigeukia. "Chomoa kila waya unaouona!" nikasema kwa sauti ambayo msibani haitakiwi, na akachomoa kila waya, pamoja na wa televisheni ambayo mama alikuwa anaitazama.

Nakala ya saa tisa usiku ilikuwepo. Tulipoteza kazi ya asubuhi moja: daraja la wa Iringa na shamba la miwa. Nyumba ya bibi ilirudi na kigoda chake.

Ukaguzi tukauwasha, na hilo likataka pesa. Gemu ni kama dola 30 kwa mtu. Tukachangishana kama harusi, ahadi na kila kitu, mtunza hazina akiwa wa Tukuyu kwa kuwa ndiye mwenye aibu ya kula pesa ya watu. Tukalipa kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia simu. Orodha ya walioruhusiwa nayo nikaiwasha. Peke yake isingetusaidia siku ile, kwa sababu mgeni angekuja kwa jina lililomo kwenye orodha. Zikiwa mbili pamoja ndipo zinafanya kazi. Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha: ukiuwasha ukaguzi, seva inawatambua watu kwa namba mpya. Wote walizaliwa upya, mikono mitupu, nguo hamna, masanduku yao ya siri wameyasahau. Nilikaa jioni mbili nikibadilisha majina ya mafaili ya wachezaji moja baada ya jingine ili kila mtu arudishiwe mali yake. Mmoja alidai alikuwa na almasi zaidi ya nilizomrudishia. Nimeamua kuamini kwamba alikosea kuhesabu.

Halafu tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua. Nilifurahi kimoyomoyo. Seva yangu ipo Ilomba, Uyole ni hapo tu, bahari inatuhusu nini? Hatukuweza kuingia. Ule ukaguzi tuliouchangia unafanyika kwa wenye gemu huko ng'ambo, na ng'ambo hakufikiki. Tulikuwa tumejenga nyumba kwetu na kuajiri mlinzi anayeishi ughaibuni. Ningeweza kuuzima kwa siku chache. Nilikumbuka Kyela, nikaacha. Jioni ile nilipanda daladala mpaka Uyole, tukakaa nje na mwenzangu tukala viazi vya kuchoma, akanionesha kuku wake wa kweli. Anao sita.

Ile kompyuta ya mezani ilikuwa imelala juu ya kabati tangu Januari. Nilishapata mteja, mwenye kibanda cha kuchapisha barua kule Kabwe. Mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshika sawasawa, nikaishusha na kuipangusa ili aje aichukue. Mama akatokea mlangoni na katoni mikononi. Alikuwa anaitazama laptopu kule mezani, nyembamba, kimya, haitoi joto hata la kukausha soksi.

"Hilo unalipeleka wapi?"

"Nimeliuza, mama. Hata umeme linakula sana, wewe mwenyewe ulilalamika."

Akaingia, akaiweka katoni chini ya kitanda palepale pa zamani. Nilisikia pii-pii. Akatoa simu kwenye mfuko wa gauni, akanionesha ujumbe: tarakimu 20 za LUKU, alikuwa ameshanunua.

"Liwashe friji," akasema. "Huyo mteja wako mwambie aje Septemba."

Kwa hiyo liko chini yangu sasa ninapoandika, linanguruma, haliendeshi dunia yoyote. Feni nimeifunga chandarua.